Hati

Dirisha namba nne, ofisi ya misaada, Erie, Pennsylvania.
Februari. Theluji imegeuka tope mlangoni
na kila aingiaye anapangusa viatu muda mrefu,
kana kwamba usafi nao unahesabiwa.
Mimi ni mkalimani. Nalipwa kwa saa.
Kazi yangu ni kutotia chumvi.

Upande huu Mama Nsimire, miaka sitini na mitatu,
kitenge juu ya koti la mtumba,
bahasha ya serikali imechanwa kwa kisu cha jikoni.
Upande ule Bi Kowalczyk, miwani juu ya paji la uso,
anasoma kwenye kompyuta maneno asiyoyaandika yeye.

Mwambie malipo yamesimama, anasema.
Mwambie kuna hati ya kukamatwa.

Nikasema: mama, kuna hati.
Kabla sijamaliza, mkono wake ukazama kifuani
ukatoka na mfuko wa nailoni:
hati ya ukimbizi, hati ya chanjo,
hati ya kifo cha mwanawe, imekunjwa mara nne.
"Iko hapa," akasema. "Wanataka ile gani?"

Hapana, mama. Hii wanayo wao.

Ni lile gari. Byamungu alilinunua kwa jina la mamaye.
Taa ya nyuma imekufa, bima imekwisha, faini,
na wito wa mahakama uliotumwa Lancaster
kwenye nyumba waliyohama mwaka mmoja
kabla ya kumzika.
Jina likaitwa. Likaitwa tena.
Kimya kikaandikwa: mtoro.

Mtoro gani huyu
apandaye basi kila mwezi, mabadilisho mawili,
kuja kuwaeleza anakolala?
Askari wa hapa mlangoni amemshikia mlango.
Hakuna anayemsaka.
Waliokuwa wakisakwa ni dola mia mbili na ushei,
na hao wameshatiwa mbaroni.

Nisijifanye malaika.
Mwaka jana, dirisha la pili, nilimtafsiria mwanamume
aliyemvunja mkewe taya kule Buffalo, akakimbia.
Neno kwa neno, kwa heshima zote.
Kompyuta iliposema hapana
nilifurahi mpaka nikaona haya.
Ilikuwa kanuni hii hii. Kitufe hiki hiki.
Tangu hapo sijui niichukie vipi.

Afanyeje sasa? nikauliza kwa niaba yake.
Aende Lancaster, asimame mbele ya hakimu.
Nauli?
Kwa kawaida watu hutumia malipo yao.
Malipo?
Bi Kowalczyk akanyamaza. Nami nikaitafsiri
ile kimya kadiri nilivyoweza.

Mama Nsimire akarudisha karatasi zake mfukoni,
moja moja, kile cha kifo mwisho.
"Muulize," akasema,
"nikijipeleka mimi mwenyewe,
kule ndani wanakulisha?"

Ningeweza kulimeza swali lile. Ulimi hauna mfupa.
Nikalipeleka lilivyo.
Bi Kowalczyk akashusha miwani machoni
na kwa mara ya kwanza akamtazama yeye, si kioo.
"Mara tatu kwa siku," akasema, taratibu,
kama anayeungama.

Nikatafsiri. Bila chumvi.

Mama akatikisa kichwa, akahesabu kitu
kwa kidole gumba juu ya vidole vingine,
kisha akaomba kalamu:
ilibaki karatasi ya kukiri kwamba ameelezwa
na ameelewa.

Kwa dakika zile arobaini nimelipwa
zaidi ya gunia la mchele. Nimelipokea.

Lakini hati yake! Mwandiko wa masista wa Bukavu,
herufi zimeinamia upande mmoja, hakuna iliyovuka mstari,
na chini ya jina, kamstari kanyoofu.
Sijawahi kuona, kwenye dirisha lile,
mtu mwenye hati nzuri kiasi kile.